Uliza Tukujibu: Jirani akivamiwa nani anafungua mlango?

Toleo lililopita tuliweka kipande kifupi tu kuhusu Ukraine na majirani zake, nikadhani watu wameshaichoka ile vita, kumbe wapi. Meseji zimeingia mpaka simu ya ofisi ikaganda. Zilizofanana nimeziunganisha, za matusi nimefuta, na walioniuliza habari za Congo wasikasirike, ile inataka ukurasa wake mzima na nitaileta. Leo tumalize hii.

Anko mambo. Mi swali langu moja tu, Ukraine imepakana na Poland, Slovakia, Hungary na Romania, wote wako NATO, wana ndege wana vifaru, sasa Urusi ilivyoingia 2022 mbona hawakuvuka tu wakamsaidia mwenzao? Au waoga? (Kijana wa bodaboda)

Poa mdogo wangu. Woga upo, nisikudanganye, mbele yako kuna mtu ana mabomu ya nyuklia unafikiri nani anakurupuka. Ila ishu ya kwanza ni mkataba. NATO, ule umoja wao wa kujilinda pamoja na Marekani, ina ile ibara ya 5, kwamba mmoja wetu akipigwa tumepigwa wote, na tangu waiandike 1949 imetumika mara moja tu, baada ya Marekani kushambuliwa Septemba 11, 2001. Ukraine sio mwanachama. Kwahiyo hakuna karatasi inayomlazimisha Poland avuke mpaka, lakini pia hakuna inayomkataza kusaidia, manake ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inasema nchi ikishambuliwa ina haki ya kujilinda yenyewe au pamoja na wenzake. Hapo katikati ndo majirani wamejibanza: panga tunakupa, tunakunolea, tunakufundisha kulishika, majeruhi wako tunawatibu, uwanjani ingia mwenyewe.

Na hata hilo panga halikutoka siku moja. Machi 2022 Poland ilisema iko tayari kuwakabidhi Wamarekani ndege zake za MiG-29 ili wao ndo wazifikishe Ukraine, Wamarekani wakaruka mita mia, hatutaki, Urusi itatafsiri vibaya. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2023, Poland na Slovakia wakazitoa wenyewe na dunia haikulipuka. Kabla ya hapo Poland ilikuwa imeshatoa vifaru vya T-72 zaidi ya 200, na Slovakia ikatoa mtambo wake wa S-300 wa kutungulia ndege. Yaani wanasogea kidogo, wanasikiliza kama kuna kelele, wanasogea tena.

Ukitaka kujua kwanini wanatembea kwa kunyata hivyo, kumbuka Novemba 15, 2022. Kombora liliangukia kijiji kinaitwa Przewodów, ndani ya Poland, karibu kabisa na mpaka, kwenye sehemu ya kukaushia nafaka. Watu wawili wakafa, watu wa kazi zao tu. Usiku ule kila mtu alikuwa anauliza, ndo ibara ya 5 hiyo? Baadaye Poland na NATO wakasema inaelekea lilikuwa kombora la Ukraine yenyewe lililorushwa kuzuia ya Urusi. Pumzi zikashuka. Lakini masaa yale machache yanakujibu swali lako vizuri kuliko mimi.

Umoja wa Mataifa uko wapi? Saddam alivyoingia Kuwait mbona walimtoa fasta? (Msomaji wa miaka yote)

Tofauti ni kiti. Saddam aliingia Kuwait Agosti 2, 1990 na Iraq haikuwa na kiti cha kudumu kwenye Baraza la Usalama, kwahiyo Novemba 29 mwaka huohuo likapita azimio namba 678, Saddam kapewa mpaka Januari 15 awe ametoka la sivyo atatolewa kwa nguvu. Hata Wasovieti waliunga mkono, China ikakaa kando, hakuna aliyetumia kura ya turufu, ile ya wenye viti vya kudumu ambayo moja tu inaua azimio. Mwisho wa Februari 1991 Kuwait ikawa huru.

Sasa 2022 mvamizi ndo mwenye turufu mkononi. Tena kuna kichekesho ambacho hakichekeshi, Februari ile zamu ya uenyekiti wa Baraza ilikuwa ya Urusi, kwahiyo usiku vita vinaanza, kikao cha dharura cha kuomba visianze kilikuwa kinaongozwa na balozi wa Urusi. Siku iliyofuata tarehe 25 azimio la kulaani lilipata kura 11 kati ya 15, Urusi ikapiga turufu, kwisha habari. Ndo wakahamia Baraza Kuu, ambako hakuna turufu ila pia hakuna meno: Machi 2, nchi 141 zikataka Urusi itoke, 5 zikakataa, 35 hazikuelemea upande. Sisi Tanzania tulikuwa kwenye hizo 35, na Uganda na Burundi pia. Kenya, Rwanda na Congo walilaani. Kenya ndo ilikuwa kwenye Baraza la Usalama kipindi kile, na balozi wake Martin Kimani siku tatu kabla ya uvamizi alishasema kuwa mipaka yetu Afrika ilichorwa London, Paris na Lisbon bila sisi kuulizwa, tungeamua kulifuatia kila kabila lililoachwa ng'ambo mpaka leo tungekuwa tunachinjana. Mimi nasema ile hotuba ilitosha kabisa kuwa msimamo wetu wote. Lakini mimi sio waziri.

Naomba ukweli, Poland anasaidia kwa roho safi au kwa maslahi yake? (Mwanafunzi wa chuo)

Vyote viwili, na sioni ubaya. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, na Poland kichwa chake kimeshanyolewa sana, 1939 alivamiwa na Wajerumani upande mmoja na Wasovieti upande wa pili, ndani ya mwezi mmoja, na washirika wake wa mbali walitangaza vita lakini askari hawakufika. Mtu wa namna hiyo humwelezi umuhimu wa jirani kubaki amesimama.

Ila roho safi nayo ilikuwepo, tena ya watu wa kawaida kabla serikali haijajipanga. Kuna mji wa mpakani unaitwa Przemyśl, usihangaike na hizo herufi, sema Pshemishl. Wiki za mwanzo treni zinashusha wanawake na watoto mchana na usiku, wanaume wa miaka 18 mpaka 60 wamezuiwa kutoka Ukraine, kwahiyo mama anashuka peke yake na mtoto mgongoni, begi moja, mtoto mwingine kamshika mkono. Kina mama wa Poland wakaja stesheni na vigari vya watoto, vile vya kusukuma, wakavipanga pale kwenye platifomu wakaondoka. Hakuna hotuba. Anayeshuka anachukua kimoja anaweka mtoto anaendelea na safari. Picha yake ilizunguka dunia nzima, na mimi bado nikiona kigari cha namna ile nawaza mtu aliyefikiria kwamba mkimbizi atakachohitaji dakika ya kwanza ni mahali pa kumtua mtoto.

Baadaye ndo serikali, Mpolandi akimkaribisha mtu nyumbani kwake alikuwa analipwa zloti 40, hela ya kwao, kwa kichwa kwa siku, na Umoja wa Ulaya Machi 4, 2022 ukawasha sheria yao ya ulinzi wa muda, iko kabatini tangu 2001 haijawahi kuguswa hata mara moja, ikampa Muukraine haki ya kuishi, kufanya kazi, shule na hospitali bila kusubiri kesi ya ukimbizi. Imeongezwa muda mara kadhaa mpaka Machi 2027. Na hapo katikati uvumilivu ukaanza kupungua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Poland nao wamefika kwenye jembe: ile posho ya zloti 800 kwa mtoto imeleta mabishano mpaka 2025 rais akarudisha muswada, na sheria iliyopita mwishoni imeibakiza kwa mzazi aliye kazini tu. Kusema kweli wengi wa wageni wale walikuwa kazini zamani.

Kitu ambacho watu wengi hawakioni ni huu mlango. Marekani ametoa, Uingereza anatoa, Japani anatoa, Australia anatoa, lakini anga la Ukraine limefungwa kwa ndege za kiraia tangu Februari 24, 2022 na bahari ilikuwa na mabomu na manowari, na Uturuki ikafunga milango yake ya kuingilia bahari hiyo kwa meli za kivita kwa mkataba wa Montreux wa 1936. Sasa mzigo utaingilia wapi? Kwa jirani. Mwingi kabisa unashukia uwanja wa ndege wa Rzeszów kule Poland, mji ambao kabla ya vita nani alikuwa anaujua, halafu barabara na reli. Na reli nayo ina vituko vyake, Ukraine walirithi reli pana ya kirusi milimita 1520, Poland wana 1435 ambayo ndo hii hii ya SGR yetu. Waliowahi kuona TAZARA na reli ya kati zinavyokutana Kidatu, mzigo unashushwa huku unapakiwa kule, wameshaelewa. Kila kontena la dawa na kila gunia linakutana na zile milimita 85. Kwahiyo Hungary alivyosema silaha hazipiti mpaka wangu, hakutoa risasi hata moja kwa Urusi, lakini alifunga dirisha moja, na mizigo ikazidi kubanana kwenye madirisha yaliyobaki.

Mimi ni dereva wa masafa marefu. Nilisikia madereva wa Poland walifunga mpaka wa Ukraine, sasa huo ndo msaada gani, leo unampa kifaru kesho unamzuilia roli?

Kaka wewe ndo utaelewa hii kuliko wote. Kabla ya vita dereva wa Ukraine akitaka kuingia Ulaya alihitaji kibali, vibali vina idadi. 2022 Umoja wa Ulaya ukasema nchi iko vitani bandari zimefungwa, vibali tuviondoe. Safi. Lakini kampuni za Ukraine zina gharama ndogo, zikaanza kubeba mizigo kwa bei ambayo Mpolandi mwenye roli mbili za mkopo hawezi, na huyo mwenye roli mbili ndo wengi, sio mabepari. Novemba 2023 wakakaa barabarani kwenye vituo vya mpakani, Dorohusk, Hrebenne, Korczowa, wanaruhusu roli chache kwa saa, misaada ya kijeshi na ya kibinadamu wakasema ipite. Foleni ikawa ya siku, sio masaa, baridi ya kule ya kuganda dizeli, dereva analala kwenye kabini hana choo hana maji. Wewe umewahi kukaa mpakani siku tatu, zidisha na barafu.

Wakulima nao. Bahari ilivyofungwa nafaka ya Ukraine ikatafutiwa njia za nchi kavu kupitia kwa majirani, lengo lifike bandarini liende Afrika na Asia. Nyingine ikafika, hasa kupitia Romania, bandari ya Constanța na mto Danube vilifanya kazi kubwa ambayo haiimbwi. Nyingine ikaishia njiani sokoni kwa jirani, bei ya mkulima wa Poland ikaanguka. Aprili 2023 Poland, Hungary na Slovakia wakapiga marufuku kuiingiza, na Februari 2024 wakulima wenye hasira wakafungua mabehewa wakamwaga nafaka relini. Ngano chini, kwenye mawe. Nilivyoona ile picha niliumia kote kote, kwa aliyelima huku makombora yanapita juu na kwa huyu wa Poland ambaye benki haimwulizi habari za vita.

Mimi sioni kama walimsaliti jirani. Bili ya msaada ilipelekwa nyumba isiyo yake, mawaziri wa Umoja wa Ulaya kule Brussels wanafungua soko, anayelipa ni mwenye eka kumi pale mpakani. Ungewapa hela ya fidia mapema wasingefika relini.

Nimesoma kuna kanchi kanaitwa Moldova nako kanasaidia. Kana nini cha kutoa?

Kana watu milioni 2 na nusu hivi, katiba yake inasema haina upande, na ndani yake kuna kipande kinaitwa Transnistria chenye askari wa Urusi. Ungekuwa wewe ungefunga mlango ukazima taa. Wao walifungua pale Palanca mpakani, na ukigawa wakimbizi kwa idadi ya wenyeji wakawa miongoni mwa waliobeba mzigo mzito kuliko wote Ulaya, watu wakilazwa kwenye makumbi ya michezo na majumbani. Hata umeme wanashea, Machi 16, 2022 Ukraine na Moldova waliunganishwa siku moja kwenye gridi ya Ulaya, ndo maana Novemba ile Urusi ilivyopiga mitambo ya Ukraine, Moldova nako sehemu kubwa ikalala giza.

Kaka samahani, mimi sina machozi na hawa watu. Wadogo zetu wanafunzi waliachwa baridini mpakani kwa rangi yao. Leo mnatuambia tuwaonee huruma? (Dada mwenye hasira)

Hasira yako ina haki dada yangu, sitaipoza. Ilitokea. Waafrika na Wahindi walitolewa kwenye treni na kurudishwa nyuma ya foleni, mpaka Umoja wa Afrika Februari 28, 2022 ukatoa tamko kali kuwa kila mtu ana haki ya kuvuka mpaka wakati wa vita bila kujali rangi. Na ile sheria ya ulinzi wa muda niliyoisifu hapo juu, mwanafunzi mgeni aliyekuwa Ukraine kwa kibali cha muda hakuingizwa moja kwa moja kama Muukraine. Tena Poland hiyohiyo, mwaka huohuo, ilikuwa inamalizia ukuta wa chuma wa mita 5 na nusu kwenye mpaka wa Belarus kuzuia Wasiria, Wairaki na Waafrika. Mlango mmoja vigari vya watoto, mlango wa pili ukuta.

Ila huruma sio mfuko wa unga kwamba ukimgawia huyu yule anakosa. Yule bibi wa Kharkiv, Ukraine, aliyelala kwenye stesheni ya chini ya ardhi hakumrudisha mtu yeyote foleni. Walioturudisha tuwadai wao.

Kijana wangu, mimi nilikuwa Kagera. Mnaandika Ukraine Ukraine, sisi 1978 nani alitusaidia? (Mzee mstaafu wa jeshi)

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kazi ile. Swali lako nililitafuna siku mbili.

Amin aliingia mwisho wa Oktoba 1978, akatangaza kipande chote kaskazini ya mto Kagera ni chake, daraja la Kyaka likabomolewa. Novemba 2 Mwalimu akatoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia, wewe unaijua kwa kichwa. OAU, ule umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, tukaililia imlaani mvamizi, ikataka tusuluhishwe, kama ndugu wawili waliogombania kuku. Mwalimu aliudhika sana na hilo. Aliyekuja na miguu yake ni Samora, Msumbiji ikaleta kikosi, nchi yenye miaka mitatu ya uhuru na yenyewe inapigwa na Rhodesia kila wiki. Na Waganda waliokuwa wamemkimbia Amin wakaingia pamoja nanyi. Upande wa pili Libya ikamtumia Amin askari na silaha. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka, halafu Julai tunaenda mkutano wa OAU kule Monrovia tunasemwa sisi ndo tumeingilia nchi ya watu!

Gharama tulilipa wenyewe. Mwalimu alisema tufunge mikanda miezi 18, mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka kupanga foleni ya sabuni na jiwe langu limewekwa kushikilia nafasi wakati naenda kucheza, na ile miezi 18 sikumbuki ilivyoisha. Ukraine wao wana nchi kama 50 zilizoanza kukutana Ramstein, kambi ya ndege ya Wamarekani kule Ujerumani, kuhesabu nani anatoa nini, wana mkopo wa dola bilioni 50 unaolipwa na faida ya hela za Urusi zilizozuiwa. Sisi hatukuwa na Rzeszów, mzee. Tulikuwa na mabasi na malori ya watu binafsi yaliyochukuliwa kupeleka askari Bukoba.

La mwisho fupi: kwanini marais wote wanaoenda Kyiv nawaona kwenye treni? Hela ya ndege hawana?

Ndege hakuna, si nilisema anga limefungwa. Wa kwanza walikuwa mawaziri wakuu wa Poland, Cheki na Slovenia, Machi 15, 2022, mji ukiwa bado unapigwa, wakapanda treni wakaenda, na baada yao imekuwa ndo njia. Biden alifanya hivyo Februari 2023, masaa kama kumi kwenda, mapazia yamefungwa. Wanapandia Przemyśl. Stesheni ileile ya vigari.